Mkalimani wa Korti ya Pili

Saa moja na robo nampeleka Bwanaheri kliniki.
Foleni imepiga kona hadi ukuta wa maabara:
fundi wa majokofu, mama aliyejitanda leso mpaka puani,
kijana wa Muyeye aliyekuwa kipa hodari.
Nesi Kadzo anampimia kikombe,
Bwanaheri anameza mbele ya macho yake,
kisha anaambiwa, Sema kitu,
ijulikane hakuna kilichofichwa chini ya ulimi.
Miezi yote hii ndugu yangu husema neno lile lile: Haya.

Saa tatu ninaapishwa.
Kutafsiri bila kuongeza, bila kupunguza.
Kibaluchi changu ni cha bibi, wa Makadara kule Mombasa,
cha jikoni, cha kukemea paka na kuhesabu chapati.
Hakina neno la latitudo.

Nahodha Pirbaksh yuko kizimbani na ndala za jela,
moja ya bluu, moja nyekundu.
Kwenye skrini, Luteni Garrec anakatikakatika.
Meli yake iko mahali asiporuhusiwa kutaja.
Nyuma yake mtu anapita, anapuliza kahawa.

Chombo hakikuwa na bendera, asema Luteni,
Kiingereza chake kikipitia puani.
Natafsiri.
Bendera hufuata upepo, nawaza,
na kisicho na bendera je, hufuata nini?
Lakini nimeapa kutoongeza.

Kilo mia nne na sita.
Walibakiza gramu hamsini za ushahidi,
zilizosalia wakazimwaga baharini.
Karani anaandika.
Benchi la nyuma mtu anasema, Leo changu watapikwa wamelewa,
na korti yote inacheka, hata askari,
hata mimi, Mungu anisamehe.

Wakili wa utetezi anauliza habari ya barua.
Barua ilitoka Nairobi, ikavuka bahari mbili,
ikarudi kwa sababu ya muhuri mmoja,
ikaenda tena. Miezi kumi na minne.
Mataifa sita yameshikana mikono, mheshimiwa,
na katika mikono hiyo hakuna hata mmoja uliokuwa na kalamu.
Hakimu anamwambia aache ushairi.

Nahodha anaulizwa alibeba nini.
Anajibu: mal.
Neno hilo halikunipa kazi.
Kwake mal, kwetu mali,
na likifika mtaani kwetu huitwa unga,
kama ule wa sima, kama ule wa mandazi,
na serikali huuita dawa.
Dawa! Na kile cha kikombe cha Kadzo tukiiteje?

Anasema mwanawe ameshikwa rehani pwani ya kwao
mpaka mzigo ufike.
Hapo Kibaluchi cha jikoni kilitosha.
Bibi alikuwa na maneno mengi ya mtoto.

Na mzigo ungepokewa na nani?
Anataja nambari ya simu. Inaanza sifuri saba.
Inspekta Kahindi anasimama: tuliipiga, mheshimiwa,
tukajibiwa, Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa.

Luteni anainua mkono kutoka baharini.
Anaomba kutafsiriwa.

Mteja.
Korti inanisubiri. Feni inazunguka.
Kwake ni mnunuzi tu, mtu wa duka na risiti.
Kwetu tulikata ile herufi ya kwanza
tukawaachia wanetu kilichobaki: teja.
Tuliwapigia wakiwa wamekaa nao mezani,
macho wazi, sahani mbele yao,
hawapatikani.

Bi mkalimani?

Nikasema: mwenye simu hayupo hewani.
Luteni akashukuru, akaandika.
Sikuongeza.
Kupunguza, nilipunguza. Nani atanishtaki?

Kesi imeahirishwa hadi mwezi wa tisa.
Sampuli imerudishwa kabatini, ina kufuli mbili.
Nambari ile, nasikia, bado haijazimwa kabisa;
usiku huita mara moja, ikakatwa.

Asubuhi, foleni. Kikombe. Sema kitu, asema Kadzo.
Bwanaheri anajifuta mdomo kwa kiganja,
ananitazama mimi, si yeye.
Nipo, anasema.
Halafu: na hii kitu yenu ni chungu, mjue.